Yule dereva wa simba wa bluu kwenye Voltron alikufa au alipelekwa hospitali?

mwisho_wa_reli:
Wakuu habari za jioni. Wengine mtaliona swali la kitoto ila limenikaa zaidi ya miaka 20 na juzi limeamka upya hapa home, kwa hiyo mwenye kujua anisaidie maana kwa ajili ya hiki kitu niliwahi kumvunjia mtu heshima.

Mi nimekulia Mwanga, Kigoma mjini. Mwaka 1999 kulikuwa na banda la video nyuma ya soko, mabati juu, maturubai pembeni, ukiingia saa nane mchana unatoka umeiva kama ndizi za kuvundika. Kiingilio hamsini, kama huna unabeba dumu la maji kutoka bombani mpaka kwa mama mwenye kiwanja ndo unaruhusiwa kukaa mbele kwenye mchanga. Usiku zilikuwa za Kichina na za Kihindi, za wakubwa hizo, ila Jumamosi asubuhi ilikuwa zamu yetu, na mwenye banda alikuwa na kanda kama nne hivi za Voltron, wale simba watano wa chuma wanaoungana wanakuwa jitu moja lenye upanga. Mistari myeupe inapita kwenye picha kila baada ya dakika, ikizidi anaitoa kanda anaipuliza anairudisha kwenye deki.

Sasa pale kulikuwa na mtafsiri, sisi tulikuwa tunamuita Anko. Anapunguza sauti ya TV kidogo anasimama pembeni na fimbo yake, anaongea sauti zote yeye, mfalme yeye, binti mfalme yeye, bibi mchawi yeye, mpaka simba wakinguruma ananguruma yeye. Majina ya Kizungu hahangaiki nayo. Yule wa simba mweusi alikuwa Kamanda, yule mnene Bonge, yule mdogo wa miwani Profesa, na yule wa kwanza kabisa kuendesha simba wa bluu, jamaa mmoja mkimya, tulimjua kwa jina la Mpole.

Siku hiyo Mpole kaumizwa. Kama uliiona unakumbuka, jamaa kalala, wenzake wamemzunguka, sura zimewashuka. Anko akaishusha fimbo akatuambia kwa sauti ya chini kabisa "wanangu, Mpole ndo hivyo, hatunaye tena." Banda kimya. Mtoto aliyekaa mbele yangu alikuwa na kidonda kisogoni, nzi katua pale pale na hamfukuzi, ndo ujue tulikuwa katika hali gani.

Tatizo mi nilikuja na bro wangu, form two, yuko likizo, Kiingereza anakiokota okota. Akasimama akasema Anko muongo, huyu hajafa, wamesema anapelekwa hospitali kwenye sayari nyingine atapona. Na mimi kwa kumshabikia bro nikapaza "muongo! muongo!" watoto wakadaka, mara watu wanadai hamsini zao, Anko anajitetea "jamani angalieni sura zao, mtu wa hospitali analiliwa hivi?" nani amsikilize. Kuanzia Jumamosi iliyofuata katuni zikawa zinaonyeshwa kavu, hakuna kutafsiriwa, Anko akabaki na za Kichina za usiku.

Juzi nimemuwekea dogo wangu YouTube nikasikiliza kwa masikio yangu, na kweli wanasema hospitali. Ila safari hii nikaangalia picha bila kujali sauti, nikajikuta namuelewa Anko. Sa wakuu, alikufa au hakufa? Alafu mbona mdomo unafunga mtu bado anaongea? Na huyo Mpole mbona Kiingereza chake kama cha padri mgeni aliyeshuka kwenye ndege wiki iliyopita?

kisamvu_karanga:
Hahahaaa mwisho wa reli umenipeleka mbali sana aisee. Mi wa Katonga. Tulikuwa tunacheza Voltron kwenye mchanga wa ufukweni, shida kila mtu anataka simba mweusi maana yule ndo kichwa na kiwiliwili, mwekundu na wa kijani mikono, na mi kwa vile nilikuwa mdogo kila siku napewa njano, mguu wa kushoto. Fikiria utoto wako wote wewe ni mguu wa kushoto.

Na yule wa bluu si alikuwa anakaa chini ya maji? Basi kulikuwa na kaka mmoja alituaminisha kwamba yumo humu humu Tanganyika, ziwa lina kina zaidi ya mita 1,400, nani kashafika chini akaona hayupo? Ukimbishia anakwambia mbona Liemba Wajerumani waliizamisha 1916 ikakaa chini mpaka 1924 ikatolewa na leo inabeba watu, itakuwa simba wa chuma. Hatukuwa na jibu. Mimi kuoga ziwani nilikuwa naishia magotini.

Habari ya kufa sijui, ngoja waje wenyewe.

fundi_deki:
Mtoa mada, Anko wako alikuwa sahihi. Kaa chini nikueleze.

Voltron sio ya Kimarekani na kwao haikuitwa hivyo. Ni katuni ya Kijapani ya kampuni ya Toei ya mwaka 1981, jina lake GoLion, episodi 52. Kuna kampuni ya St. Louis huko Marekani, World Events Productions, ndo iliichukua, na inavyosimuliwa ni kwamba hata haikuwa hii waliyoitaka. Walikuwa wanaitaka Daltanious, nayo ina roboti la simba, sa wao wakaomba tu "ile yenye simba", Wajapani wakatuma GoLion, jamaa wakaiangalia wakaona kumbe hii ndo yenyewe. Ni kama uagize migebuka Kibirizi uletewe kuhe, unaanza kufoka, unaonja, unanyamaza.

Sasa hapa ndo penyewe. Hawakuwa na mtu wa kuwatafsiria Kijapani! Walikaa wanaangalia picha wanakisia story inaendaje, alafu wakaandika maneno mapya kabisa ya kwao. Ndo maana midomo haikubaliani na sauti, mchoraji kachora mdomo kwa kipimo cha Kijapani, we unaleta sentensi yako ya Kiingereza ndefu kuliko mdomo wenyewe, lazima mtu afunge mdomo na maneno bado yanamtoka. Kwa hiyo wale wa St. Louis na Anko wa nyuma ya soko walikuwa kazi moja, wote wanasoma picha. Tofauti ni kwamba Anko alikuwa anasema alichokiona.

Wao hawakuweza. Ilianza kurushwa Septemba 1984 kama kipindi cha watoto, kwa hiyo zile sehemu za damu wakakata, askari wa adui wanaofyekwa wakaambiwa ni maroboti, basi unaangalia jeshi zima linateketea na hakuna aliyekufa. Kwenye GoLion jamaa yako anaitwa Shirogane na episodi ya 6 anakufa. Sio kuzimia, anakufa. Wamarekani wakambatiza Sven wakamlaza hospitali.

Mwanzo wa story wenyewe pia umegeuzwa. GoLion inaanza vijana watano wanarudi duniani wanakuta imeshateketea kwa vita ya nyuklia, na mwaka ulioandikwa pale ni 1999! Yaani huo huo ambao nyie mlikuwa mnatoana roho kwa hamsini hapo Mwanga. Kwenye Voltron dunia haina shida yoyote, vijana wametumwa kikazi tu.

Kuhusu padri mgeni: aliyemuigiza anaitwa Michael Bell, akaamua kumpa lafudhi ya watu wa Skandinavia, sijui kwa sababu gani mtu mwenye sura na jina la Kijapani awe wa kule kwenye barafu. Na ukisikiliza vizuri Lance, yule wa simba mwekundu, naye ni huyo huyo Bell. Binti mfalme Allura na yule bibi mchawi Haggar ni mwanamke mmoja, B.J. Ward, yaani anajitisha mwenyewe anajipigia kelele mwenyewe. Msimulizi ni Peter Cullen, yule yule sauti ya Optimus Prime wa Transformers. So msimcheke Anko kufanya sauti zote, na wenye studio walikuwa wachache vile vile, wao walikuwa na viyoyozi tu.

mwisho_wa_reli:
Daah.

Mkuu fundi nimekuelewa ila kuna kitu hakijakaa sawa. Mbona alirudi? Kanda ya mwisho Mpole anaonekana tena yuko kwenye sayari ya maadui, kakonda, nywele timutimu, ila ni yeye. Bro siku hiyo aligeuka banda zima akasema "niliwaambia mimi." Anko hakuwa anatafsiri tena lakini alikuwa hapo nje anahangaika na jenereta, akachungulia kwenye turubai mikono ina oili, akatazama kidogo akasema "nyie huyo sio Mpole, huyo mdogo wake kaja kulipa kisasi." Tulimcheka mpaka watu wakaanguka kwenye mabenchi. Likawa ndo jina lake mtaani, akipita tu watoto "Mdogo Wakeee!"

fundi_deki:
Mkuu umekaa?

Ni mdogo wake.

Kwenye GoLion anaitwa Ryou Shirogane, mdogo wake marehemu, wanafanana. Wamarekani kwa vile walishasema kaka mtu yuko hospitali, mdogo mtu alipotokea wakasema ndo Sven huyo karudi. Mtu mmoja kwa Kiingereza, watu wawili kwa Kijapani. Sa Anko alijuaje mimi sielewi, Kijapani alisomea wapi?

kisamvu_karanga:
Kijapani gani fundi, ZA KIHINDI! Mtu ametafsiri za Kihindi miaka kumi unafikiri atababaika hapo? Stelingi hafi, akifa saa ya kwanza baada ya mapumziko anakuja pacha wake mwenye hasira. Nimekaa hapa natingisha kichwa peke yangu watu kwenye daladala wananiangalia.

mama_wawili_tbr:
Nawasoma tu kimya kimya toka huku Tabora, Isevya. Mnawaonea hao Wamarekani jamani. Hata sisi kanda za Voltron zilifika, zilikuja na treni kama kila kitu, na kwetu hakukuwa na Anko, tuliangalia kwa dada mmoja jirani aliyekuwa na TV ya kichogo, sebuleni kwenye mkeka, na aliyekuwa anatufafanulia alituambia hivyo hivyo, hospitali. Mwaka huo baba yangu alikuwa amelazwa, mi nina miaka tisa. Ile hospitali ya sayari nyingine niliishika sana, nilikuwa hata namuuliza mama kule kwa Sven ndo kuna dawa nzuri kuliko hapa? Mtoto wa miaka tisa kumwambia alikufa inakusaidia nini?

Baba hakurudi. Na Sven aliporudi kwenye ile kanda nyingine nilifurahi, alafu nikamchukia hapo hapo, nikatoka nje nikakaa chini ya mwembe mpaka ilipoisha. Leo ndo nasikia kumbe hakuwa yeye. Sijui nifurahi au niwe vipi.

Ila bado nasema watoto wangu nitawawekea ile ya hospitali.

kijana_wa_gungu:
Pole sana dada. Ila sikubaliani na wewe kidogo kwa heshima zote. Robotech, katuni nyingine ya maroboti, ilitoka 1985, mwaka mmoja tu baada ya Voltron, Marekani hiyo hiyo watoto hao hao, na rubani mmoja wa kivita, Roy Fokker, alikufa mle ndani na wakaacha afe. Kwa hiyo ilikuwa inawezekana, hawa wa simba waliogopa tu.

Na Robotech nayo ina mambo yake, si mnajua ni katuni tatu tofauti zimeunganishwa? Macross, Southern Cross na Mospeada, hazijuani kabisa, hazina ukoo. Harmony Gold, kampuni iliyoitoa, walikuwa na Macross, ina episodi 36, na stesheni za Marekani ili wakurushe kila siku Jumatatu mpaka Ijumaa walikuwa wanataka angalau 65. Sa mtayarishaji wao Carl Macek akachukua zingine mbili akazishona pale, huyu mjukuu wa yule, hii vita imezaa ile, jumla 85. Kitenge, khanga na shuka gauni moja. Na ukivaa linapendeza, hapo siwezi kubisha.

mama_wawili_tbr:
Roy Fokker alikuwa mtu mzima mwanajeshi mdogo wangu. Haya endeleeni.

ujiji_kwa_babu:
Huku Ujiji sisi zilikuwa zinaletwa za Kifaransa, mjomba alikuwa anafanya biashara Bujumbura. Goldorak! Wafaransa walianza kuirusha 1978, kwa Kijapani ni Grendizer, na stelingi ambaye kwao ni Duke Fleed Wafaransa wakamuita Actarus. Mi nimekua mpaka nafika form one najua maroboti wote makubwa ni Wafaransa. Siku ya kwanza namsikia anaongea Kiingereza nilizima nikajua kanda mbovu.

Na nyie shukuruni hata mwisho mliuona. Ufilipino 1979 rais Marcos alipiga marufuku Voltes V, katuni nyingine ya roboti ya Kijapani, zikiwa zimebaki episodi za mwisho tu, nchi nzima watoto wamekaa mbele ya TV hakuna kitu. Hao wangempata Anko aliyemalizia kwa mdomo wangemchangia nauli ya ndege.

kisamvu_karanga:
Fundi swali dogo, kuna kanda moja ilikuwa imeandikwa Voltron kabisa lakini haina simba, magari matupu. Tulirudishiwa hela siku hiyo. Ilikuwa feki?

fundi_deki:
Haikuwa feki. Hiyo ni katuni nyingine ya Toei, Dairugger XV ya 1982, magari 15 yanaungana, jamaa wa St. Louis wakaipa jina hilo hilo la Voltron. Na watoto wa kwao walifanya kama nyie, wakataka simba, mpaka ikabidi Toei walipwe wachore episodi 20 mpya za simba ambazo GoLion hazimo. Ndo maana Voltron jumla 124, hesabu mwenyewe, 52 na 52 na 20. Katonga na Marekani madai yalikuwa mamoja.

Mwisho wa reli, kama unataka cha kuangalia na dogo kuna ile ya Netflix ya 2016, kiongozi wao anaitwa Shiro, jina limetoka huko huko kwenye Shirogane. Wamemrudishia marehemu jina lake.

mwisho_wa_reli:
Wakuu nimechelewa kurudi, nilikuwa natafuta namba ya mtu.

Dada wa Tabora pole sana, nimekusoma mara tatu.

Kwanza nilimpigia bro, yuko Mwanza siku hizi. Nikamweleza yote, GoLion, episodi ya 6, mdogo wake, kila kitu. Kakaa kimya kama nusu dakika nikajua network imekata, alafu akasema "lakini kwa Kiingereza walisema hospitali." Nikamwambia ndiyo bro, kwa Kiingereza walisema hospitali. Akasema basi, akabadilisha mada akaanza kuuliza bei ya dagaa.

Anko nimempata. Aliachana na banda kitambo CD zilivyoingia na kila mtu akawa na deki yake nyumbani, sasa ana meza ya kuuza nyavu na taa Kibirizi, uzee umeingia ila sauti ni ile ile, nilivyosikia tu "halooo" nikamuona bibi mchawi. Nikajitambulisha, mtoto wa fulani pale Mwanga, nikamwambia Anko nimepiga kukuomba msamaha, Mpole kweli alikufa na yule mwingine kweli alikuwa mdogo wake, Wajapani wenyewe wameandika hivyo.

Akauliza Mpole ndo nani. Nikamwambia wa simba, wale simba wa chuma, Anko. Anasema za simba hazikumbuki kabisa, katafsiri picha nyingi mno. Ila mimi na bro anatukumbuka vizuri, tuliingia wawili kwa hamsini moja, na ile nyingine tuliahidi kuileta jioni.